Flashi, Bando na Filamu Iliyo Yako

Hapa Juba sijawahi kumsikia mtu akisema amenunua filamu. Watu husema wamewekewa. "Niwekee za Kihindi mbili na moja ya vita," unamwambia kijana mwenye kompyuta pale Konyokonyo, unampa flashi, unakaa kwenye benchi huku jenereta inalia, na baada ya muda mfupi unaondoka na kitu mfukoni. Ukiulizwa nyumbani hujibu kwamba unaimiliki. Unajibu, "Niko nayo." Kumiliki ni neno la hati ya shamba na la mahakamani. Kiswahili cha kila siku kinajua kuwa na kitu, yaani wewe na hicho kitu mpo pamoja. Kikiondoka, huna.

Nimeanza na maneno kwa sababu mwaka huu nimeulizwa zaidi ya mara moja, na watu wema kabisa wa mashirika, kwa nini bado tunahangaika na flashi wakati kila kitu kiko mtandaoni. Swali si baya. Tatizo ni kwamba linaulizwa na mtu ambaye intaneti ya ofisini kwake hailipi yeye.

Wataalamu wa lugha wanataka tuseme kutiririsha filamu. Vijana wanasema kustrimu. Mimi nalipenda neno la wataalamu, maana kinachotiririka ni maji, na mambo ya maji mtu wa kambi hafundishwi. Bomba likitoka leo, unashukuru na unachota. Lakini hakuna mama Gorom anayeacha jerikani tupu kwa sababu bomba linatoka leo. Anajaza zote, anazifunga, anazipanga ndani. Siku ambayo pampu itaharibika hatahitaji kumpigia mtu simu. Basi, mtandao ni bomba na flashi ni jerikani. Mbona hakuna anayemuuliza mama kwa nini bado anahangaika na majerikani?

Hesabu yenyewe haifichiki. Netflix wanasema picha ya kawaida hula kama GB 1 kwa saa, na picha safi hadi GB 3. Chukua filamu ya Kihindi ya saa tatu, piga mwenyewe, halafu ulinganishe na bando uliloweka juzi. Flashi ya GB 8 inabeba filamu kumi za ukubwa wa ile CD ya zamani, MB 700 kila moja, na nafasi kidogo inabaki ya nyimbo za harusi. Tena hilo bomba linataka kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, barua pepe ambayo hujasahau neno lake la siri, na simu yenye chaji. Hata ile filamu unayoruhusiwa kuishusha kwenye simu ina saa yake. Nyingine ukianza kuitazama inafutika baada ya saa 48. Mtoto akiugua katikati, ndiyo basi tena.

Wenye kadi nao wasijione wamefika. Mwaka 2009 Amazon walifuta kwenye vifaa vya kusomea vya wateja wao nakala za 1984, kile kitabu cha George Orwell kuhusu serikali inayofuta mambo. Wateja walikuwa wameshalipa. Kumbe aliyeiweka sokoni hakuwa na haki nayo. Pesa zilirudishwa, kitabu kikawa kimekwenda. Desemba 2023 Sony waliwatangazia watu wa PlayStation kwamba vipindi vya Discovery walivyonunua vitaondolewa, na ni kelele za watu zilizofuatwa na kubadili uamuzi. Jimbo la California limebidi litunge sheria, iliyoanza kazi Januari 2025, ya kuwazuia wauzaji wa mitandaoni wasiandike "nunua" bila kumwambia mteja wazi kwamba anachopewa ni ruhusa tu. Kwa hiyo hata kule kwenye umeme wa saa ishirini na nne, neno lile la hati ya shamba limeanza kutiliwa shaka. Wao wamegundua juzi kwamba ni wapangaji. Sisi tulijua tangu siku ya kuandikishwa.

Na bomba hufungwa. Tarehe 22 Januari 2025 mamlaka ya mawasiliano ya nchi hii iliagiza kampuni za simu zifunge Facebook na TikTok, kwa muda ambao ungeweza kufika siku 90. Ilifunguliwa kabla ya wiki kuisha. Sababu ilikuwa video zilizoonyesha Wasudani Kusini wakiuawa Wad Madani, na hasira iliyofuata hapa mjini dhidi ya wafanyabiashara wa Kisudani, watu ambao wengine wao walikuwa na ndugu kambini kwetu. Hapa lazima niseme ukweli ambao hauisaidii hoja yangu. Kuna video ambazo ningefurahi kama zingekuwa na saa 48 tu za kuishi. Aliyekuwa ameihifadhi kwenye simu yake alikuwa nayo, agizo lisimguse, akamwonyesha jirani, na jirani akashika fimbo. Jerikani haichagui maji. Bado nasema afadhali jerikani, lakini nasema nikiwakumbuka majirani zangu waliojifungia ndani siku zile.

Sasa nije kwenye filamu, maana hili ni gazeti la fasihi na si la ufundi wa simu.

Kwangu swali si filamu imekaa wapi wala nani ameilipia. Swali ni hili: unaweza kumwonyesha mtu mwingine bila kuomba ruhusa kwa mtu asiyekujua? Ukiweza, iko yako. Netflix katika masharti yao wanasema akaunti ni ya watu wa kaya moja, na tangu 2023 wamekuwa wakiwabana wanaotumia akaunti moja kwenye nyumba tofauti. Kaya! Neno hili tunalifahamu kutoka kwenye kadi ya mgao. Nilidhani ni hapa tu watu wanahesabiwa vichwa kabla ya kupewa kitu. Kumbe na huko kwenye burudani wanahesabu.

Filamu iliyonifanya nifikirie hivi ni Goodbye Julia ya Mohamed Kordofani. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Sudan kuingia kwenye orodha rasmi ya tamasha la Cannes, Mei 2023, wiki chache tu baada ya vita kuanza Khartoum, na ikapata Tuzo ya Uhuru. Habari inaanza Khartoum mwaka 2005, kwenye ghasia za baada ya kifo cha John Garang, na inaendelea mpaka mwaka 2011 nchi ilipogawanyika. Mona, mwanamke wa kaskazini aliyeacha kuimba kwa sababu ya mume wake, anasababisha kifo cha mwanamume wa kusini. Anaficha. Kisha anamchukua mjane wake, Julia, na mtoto wake, akawaweka nyumbani kwake, Julia akafanya kazi za ndani bila kujua ni nani anamlipa na kwa nini. Julia anachezwa na Siran Riak, binti wa Sudan Kusini. Yumo pia Ger Duany, ambaye wengi hapa wanamjua kwa sababu alikuwa mtoto wa vita, akawa mkimbizi, akacheza kwenye The Good Lie mwaka 2014, na sasa ni balozi wa UNHCR.

Yaani ni filamu ya watu wetu pande zote mbili. Lakini ukitaka kuiona Juba kwa njia iliyonyooka, ukaingia duka la mtu na kulipa ukapewa risiti, mimi duka hilo sijalipata. Tuliiona Gorom, kwenye laptopu ya kijana mmoja, betri ya sola, spika moja, watu kama thelathini na watoto waliokaa chini mbele. Gorom ilianza kama kambi ndogo ya watu wa Gambella, Ethiopia, na tangu Aprili 2023 imejaa watu kutoka Sudan. Ndani yake kuna na sisi wa Kongo. Kwa hiyo pale mbele ya laptopu lugha haikutosha. Mama mmoja wa Omdurman, tunamwita khalti, alikuwa anachukua Kiarabu cha kwenye filamu na kukirahisisha kiwe Kiarabu cha Juba. Kijana aliyekulia Kakuma anakipokea anakigeuza Kiswahili. Wakati mwingine tafsiri ilifika mtu kwenye filamu ameshatoka chumbani.

Kuna mahali Mona anamdanganya Julia usoni, kwa upole, na ameshika chai. Khalti akanyamaza. Wakapiga kelele nyuma, "Anasema nini?" Khalti akakaa kidogo, akasema neno moja, na kijana wa Kakuma akalileta: "Anadanganya." Hakutafsiri sentensi. Alitoa hukumu, yeye mama wa kaskazini, mbele ya watu wa kusini. Sijui kama Kordofani angekubali tafsiri hiyo, ila mimi naiona ni sahihi kuliko maandishi ya chini ya picha.

Ukitaka maoni yangu kuhusu filamu yenyewe: ni nzuri, na inamjua Mona kuliko inavyomjua Julia. Kamera inaingia mpaka kwenye usingizi wa Mona, lakini Julia mara nyingi tunamwona kutoka mlangoni, akiingia na sinia. Wapo wanaosema hiyo ndiyo maana yenyewe, kwamba mwongozaji ni mtu wa kaskazini na anaandika aibu anayoijua. Sawa. Lakini usiku ule, wanawake wa kusini waliokuwa pale walijaza wenyewe mapengo ya Julia, wakawa wanamsemea, "Muulize! Muulize mume wangu yuko wapi!" Filamu ikawa nusu ya Kordofani na nusu ya Gorom. Hiyo nusu ya pili haipo kwenye mtandao wowote.

Wala hatukubuni sisi. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, aliyekuwa akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili mpaka watu wanakuja kumsikia yeye. Kenya wako na DJ Afro, na flashi nyingi zinazouzwa hapa zina sauti yake juu ya Wahindi na Wachina. Kutoka Kampala, kwa barabara ya Nimule, zinakuja za VJ Jingo na VJ Junior kwa Kiganda, na watu ambao hawajui Kiganda hata salamu wanazitaka hizo hizo, ati bila VJ filamu imepoa. Na pale Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010. Filamu ile isiyo na msimulizi imepotea kabisa. Iliyobaki duniani ni ile yenye sauti ya VJ Emmie anayepiga kelele juu yake mwanzo hadi mwisho. Profesa wa sinema anaweza kusikitika. Mimi naona nakala iliyokuwa ikizunguka na watu imeishi, na ile safi imekufa.

Sasa kuna neno wizi, na siwezi kulikwepa. Yule kijana wa Konyokonyo hampelekei Kordofani hata senti. Hampelekei mtu wa Bongo pia. Wanaokumbuka enzi za Steven Kanumba, kabla hajafariki Aprili 2012, wanakumbuka filamu zikiuzwa kwa sehemu, ya kwanza na ya pili, kwa sababu sahani moja ya VCD haibebi zaidi ya kama dakika 80, na mfanyabiashara naye alipenda kuuza mara mbili. Ukinunua ya kwanza halali, ya pili unaikuta sokoni imeshanakiliwa na mtu kwa bei ya karanga. Waigizaji walilia na walikuwa na haki ya kulia. Siwezi kumtetea mnakili kwa kusema mimi ni maskini; fundi wa filamu Dar naye ana kodi ya nyumba. Ninachosema ni kwamba mtu hawezi kuitwa mwizi wa mlango ambao haukujengwa. Siku Kordofani au mtu wake akileta diski Juba na kusema nakala moja ni pauni kadhaa, onyesheni mnapotaka, mimi nitakuwa wa kwanza kwenye foleni, na nitawavuta na wale thelathini. Kinachouzwa saa hii si hicho. Kinachouzwa ni ruhusa ya mtu mmoja kutazama peke yake, kwa kadi ambayo hana.

Tena kuwa na filamu hakumalizi kila kitu. Atakayepata Talking About Trees ya Suhaib Gasmelbari, ya mwaka 2019, aitazame na wazee. Wazee wanne wa Sudan waliosomea sinema ujanani wanataka kuonyesha filamu moja tu, bure, kwenye ukumbi wa wazi wa Omdurman uliofungwa miaka mingi. Wanafagia, wanapanda kuangalia ukuta, wanawauliza vijana wanataka kuona nini, wanachagua Django Unchained. Filamu ipo. Mashine ipo. Viti vipo. Kinachokosekana ni barua ya ofisi, na kila ofisi inawatuma ofisi nyingine. Khalti aliiona mwanzo akacheka, baadaye hakucheka tena, maana ukumbi ule anaujua na mji wenyewe ameuacha unawaka. Jengo la redio na televisheni pale Omdurman, lililotunza kanda za miaka mingi, lilikaa mikononi mwa RSF karibu mwaka mzima mpaka jeshi likalirudisha Machi 2024. Alituuliza kama tunafikiri kanda za harusi zilizorushwa enzi zake bado ziko. Hakuna aliyemjibu.

Hapa nawageukia nyinyi wa mashirika mnaosoma gazeti hili, na najua mnalisoma kwa sababu huwa mnaliacha kwenye magari.

Mnatupiga picha sana. Sisemi kwa ubaya. Kuna video zilizoleta dawa na mahema. Lakini nani yuko nazo? Kuna shirika moja lilikuja na kamera nzuri, likakaa siku tatu, likamhoji mama mmoja wa mtaa wetu jinsi alivyotembea na watoto wanne. Alisaini karatasi. Ile karatasi inaomba ruhusa ya kutumia sura yake na sauti yake, kwa lugha tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayosema atapewa nakala. Video ikawekwa mtandaoni. Kijana wake wa kwanza aliiona mara moja kwenye simu ya mfanyakazi, nusu yake, mtandao ukakata. Mama yule amefariki. Kijana ameomba, ametumiwa kiungo, amekifungua mjini kwa bando la kuazima, na ukurasa unasema hakuna kitu hapo. Aliyekuwa anashughulika na mawasiliano amehamishiwa nchi nyingine. Aliyepo anasema faili huenda ziko makao makuu. Hakuna aliyemfanyia kijana ubaya kwa makusudi, na ndiyo maana hana hata wa kumlalamikia.

Sauti ya mama yake iko mahali fulani kwenye kompyuta, na ana ruhusa ya kuitazama pale itakapotiririka.

Nchi hii yenyewe ilishawahi kuweka kumbukumbu zake ndani ya hema hapa Juba, maboksi kwa maboksi ya nyaraka za serikali ya kusini, vumbi na mchwa, mpaka watu wakaanza kuzipanga na kuzipiga skani. Watu wa Kakuma wanakumbuka lori la FilmAid, lililokuwa likitandika kitambaa cheupe jioni tangu mwaka 2001; wengi wetu tuliona filamu yetu ya kwanza pale, tukiwa tumekaa mchangani, wengine upande wa nyuma wa kitambaa ambapo maandishi yanasomeka kinyume. Asubuhi lori limeondoka na filamu zake. Hilo lilieleweka, filamu zilikuwa za watu wengine. Za kwetu sisi wenyewe ndizo nashindwa kuelewa kwa nini nazo zinaondoka na lori.

Ombi langu ni dogo na halina haja ya mradi wala ya semina. Karatasi ya kusaini iongezwe mstari mmoja: aliyehojiwa atapewa nakala kabla gari halijaondoka, au ikishahaririwa italetwa, kwenye flashi yake au ya jirani. Mwenye kamera anayo laptopu. Kunakili ni kazi ya dakika chache, hata kijana wa Konyokonyo anaifanya huku anaongea na watu watatu.

Ile video ya mama ilikuwa ya dakika nne na kitu. Kwa ukubwa wa simu haifiki MB 100. Flashi ya kijana ni ya GB 8, nimeiona, ina filamu tisa za DJ Afro na nafasi bado ipo.